Kiti cha Maswali cha Mwalimu Metrine

Madarasa ya shule yetu hapa Obunga yametenganishwa kwa mabati, na mabati hayafichi kitu. Mimi nafundisha Kiswahili upande huu, Metrine Nabututu anafundisha Kiingereza upande ule, na kwa miaka yote tuliyokaa hivyo nimesikia kila alichosema, nitake nisitake. Akikohoa najua. Akimkemea mtoto, watoto wangu wanakaa vizuri. Na somo lake la viulizi, yale mambo ya who na whose na which na what, nalijua kuliko wanafunzi wake, mimi niliyeajiriwa kufundisha ngeli.

Somo hilo lina kiti. Ni kiti cha plastiki cha buluu, mguu mmoja umefungwa waya, na nje ya somo hilo hakuna anayeruhusiwa kukikalia. Mtoto mmoja wa gredi ya nne anakwenda mbele, anakaa, na wenzake wanamuuliza kwa Kiingereza. Who are you? Wewe ni nani. Whose child are you? Wewe ni mtoto wa nani. Which is your home? Kwenu ni kupi. Sasa ole wako ujibu kwa neno moja. Ukisema "Obunga" halafu unyamaze, darasa zima linakurukia: full sentence, full sentence. Wanataka sentensi nzima, yenye kichwa na mkia. Ukiitoa unapigiwa makofi, Metrine anasema "next", mwingine anakaa.

Kila mwaka wa kwanza kukaa alikuwa yeye mwenyewe, kuwaonyesha. Nilikuwa nasikia sauti yake ikipita kwenye mabati, imejaa raha: mimi ni Metrine, mimi ni mke wa Odongo, mimi ni mama wa Byron na Debra, kwetu ni Kisian. Wakati wa chai nilimtania. Nilimwambia, dada, kama unataka kujitangaza si uende redioni, uniache nifundishe.

Alikuwa anacheka. Halafu alikuwa anarudia lile neno lake. "Dorca, mtu ukimuuliza swali vizuri, mbele ya watu, atajibu. Atakimbilia wapi?"

Nilimwambia hao ni watoto. Lakini Metrine ukimwambia kitu ni kama umemwambia ukuta.

Sasa niwaambie huyu ni nani, kwa sababu hata mimi nina hasira na jambo hili na nikianza na hasira nitaruka mambo. Metrine ni Mbukusu, wa kutoka kule Kimilili. Alikuja Kisumu akiwa msichana tu, na mtoto mgongoni. Huyo mtoto ndiye Byron. Aliyempa mimba alikuwa mtu wa kwao, akamkana, na Metrine hakupoteza muda kumbembeleza. Hapa Obunga alikutana na Odongo, fundi mwashi, Mjaluo wa Kisian, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisa akichanganya saruji. Wakaoana. Byron alikuwa hata hajaanza kutembea. Baadaye wakapata Debra, na baada ya Debra hawakupata mwingine.

Kwetu sisi Wajaluo mtoto kama Byron, mtoto anayekuja na mama yake kwenye ndoa, ana jina lake. Anaitwa kimirwa. Mtu hawezi kukuambia usoni, lakini jina liko, linangoja. Kimirwa anaweza kulelewa, akasomeshwa, akapendwa, kisha siku ya kugawa mahali pa kujenga akaambiwa atafute kwao. Mimi ni Mjaluo na nawaambia hivyo nikiona haya.

Odongo alilijua hilo. Ndiyo maana alifanya alichofanya siku ya kufungua boma lake kule Kisian.

Mwanamume wa kwetu akitoka kwenye boma la babake kwenda kuanzisha lake, haondoki tu na godoro. Anatoka alfajiri, amebeba jogoo. Mke wake anabeba moto. Mtoto wa kiume wa kwanza anabeba shoka. Mzee wa ukoo anawatangulia kuwaonyesha mahali. Hiyo safari fupi ndiyo inayosema boma ni la nani na mtoto wa kwanza ni nani. Sasa Mzee Ondiek, kaka mkubwa wa Odongo, ndiye aliyetangulia, na alikuja na mwanawe Calvince. Akasema Calvince abebe shoka, maana Odongo hana kijana. Odongo alimsikiliza kaka yake hadi mwisho, kisha akamwita Byron, aliyekuwa mdogo hata shoka lenyewe likimlemea, akamwekea begani. Calvince akaambiwa asimame kando. Wakaenda hivyo, na watu wote wa hapo walitoka nje kuwaangalia.

Kuanzia siku hiyo Odongo akaitwa Wuon Byron, yaani baba Byron. Metrine akaitwa Min Byron, mama Byron. Aliyewaita hivyo si mimi, ni Kisian nzima. Ondiek mwenyewe alikuwa akija Obunga anasimama mlangoni anaita, "Min Byron, kuna chai?" Na alipoona mwanawe Calvince hafanyi vizuri shuleni kule nyumbani, alimleta kwa Metrine. Calvince alilala chumba kimoja na Byron, akala meza moja na Byron, akakaa kwenye kile kiti cha buluu akaulizwa kwa Kiingereza yeye ni nani. Kiingereza anachotembea nacho leo ofisini huko mjini ni cha Metrine. Alikipata bure, pamoja na ugali.

Byron hakusoma sana. Alitoka akawa fundi wa kuchomelea vyuma, milango na madirisha, hapa hapa karibu na barabara. Kijana wa kazi, maneno machache. Odongo alipoanza kusumbuliwa na sukari, ikamla macho, ikamla mguu, ni Byron aliyekuwa akimbeba mgongoni kutoka kitandani hadi kwenye gari la kwenda hospitali. Debra alikuwa bado shule ya upili. Jamaa wa Kisian walikuwa wanapiga simu.

Katika ugonjwa ule, Odongo alimwonyesha Byron mahali pa kujenga nyumba yake ya ujana, ile tunayoita simba. Ni upande wa kushoto ukiingia langoni, kama inavyotakiwa. Byron akanunua mabati kidogo kidogo, akayapanga pale chini ya turubai, akingoja baba apate nafuu aje asimame wakati nguzo ya kwanza inasimikwa. Bila baba au wazee wa ukoo kusimama, huwezi kujenga. Odongo hakupata nafuu. Alifariki mabati yakiwa bado chini ya turubai.

Kwa hiyo mjue kilichokuwa kinangojewa kwenye yale mazishi. Metrine hakuwa anataka shamba, hakuwa anataka michango. Alitaka kitu kimoja: Byron asimamishwe mbele ya watu kama mtoto wa Odongo, ili wazee wakishamtambua hivyo wasimame naye ajenge. Akikosa siku hiyo, amekosa. Kijana wa miaka yake asiye na mahali pa kujenga kwao, kwetu hahesabiwi.

Dalili ya kwanza niliiona mimi, jioni ile mwili ulipofika nyumbani Kisian. Mke wa Mzee Ondiek alikuja kumkumbatia Metrine, akalia vizuri kabisa, kisha akasema, "Pole, Min Debra."

Nikafikiri amekosea kwa uchungu. Akaja mwingine. "Pole, Min Debra." Akaja wa tatu, hata hajafika vizuri, "Min Debra, jikaze." Hapo nikajua walikaa mahali wakakubaliana. Jina la mama kwetu halibadiliki hivi hivi. Mwanamke ameitwa Min Byron tangu mtoto akiwa mdogo, leo mume yuko ndani ya sanduku, hawezi kuwakatiza, ndipo mnamwita kwa jina la msichana.

Nilimvuta mke wa Ondiek kando, nikamwuliza kwa Kijaluo hii ni nini. Akanishika mkono kwa upendo. "Dorca, wewe ni wetu," akasema. "Nyamaza."

Metrine naye alikuwa amesikia. Ameishi nasi miaka mingi, hakuhitaji kutafsiriwa. Usiku huo alikuwa anapasi shati la Byron la kuvaa kesho, anapasi kola ileile, anarudia.

Kesho yake hema zilijaa. Kanisa lilikuja, mafundi wenzake Odongo walikuja kutoka mjini, walimu wenzetu walikuja, Wabukusu wa kwao Metrine walijaza gari zima. Kipaza sauti alikuwa nacho Calvince, maana ndiye msomi wa familia. Amevaa suti. Anachanganya Kijaluo na Kiingereza, na kile Kiingereza chake kinateleza, hakikwami mahali. Mimi nilikuwa nakitambua neno kwa neno. Nilikuwa nakisikia kwenye mabati kila siku.

Ikafika wakati wa watoto wa marehemu kusimama mbele, wajulikane. Byron alikuwa ameshainuka kutoka kwenye kiti chake, anafunga kifungo cha koti. Calvince akasema marehemu amemwacha mtoto mmoja, msichana anayeitwa Debra, aje mbele tumwone. Akashusha kipaza sauti. Byron alipopiga hatua, baba mdogo mmoja akamwekea kiganja kifuani, taratibu tu, akamwambia angoje kwanza. Debra akaenda mbele peke yake, akawa anageuka nyuma kumtafuta kaka yake.

Metrine akainuka. Mjane kwetu siku hiyo anakaa, haendi kushika vipaza sauti. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Calvince, akanyoosha mkono, na Calvince, kwa mazoea ya shule nadhani, akampa.

Hakupiga kelele. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani. "Mzee Ondiek, shemeji yangu, nina swali moja tu. Siku tulipofungua boma hili, wewe ndiwe uliyetangulia. Ni nani alibeba shoka?"

Nikasikia sufuria za wapishi zikigongana. Na pale chini ya hema kulikuwa na watu wangapi walioiona ile safari kwa macho yao. Nikawaangalia mmoja mmoja. Wote walikuwa wanaangalia viatu.

Ondiek alikuwa kwenye kochi, mbele, kofia magotini. Akasema siku ya msiba si siku ya maswali.

"Mzee, nimeuliza kwa heshima," Metrine akasema. "Ni nani alibeba shoka?"

Ondiek akafikiria kidogo. Nakumbuka alifikiria, hakuropoka. Kisha akasema, "Ni mtoto fulani tu aliyekuwa karibu."

Mtu akaashiria kwaya. Kwaya ikaimba, tena wimbo wa kupiga makofi, na Calvince akachukua kipaza sauti chake mkononi mwa Metrine kama unavyochukua kikombe kwa mtu aliyemaliza kunywa. Metrine alibaki amesimama pale. Alikuwa na uso wa mwalimu anayengoja. Nadhani bado alikuwa anaamini kuna mtu atanyoosha mkono.

Byron hakungoja chakula. Alimwaga udongo wake kaburini akiwa na majirani, akaondoka na gari la Wabukusu hadi barabarani, na hapo akashuka akaenda zake. Siku hizi yuko Usenge, kule ziwani, anachomelea vyuma vya maboti na kutengeneza vitanda vya kuanikia omena, wale dagaa. Mama yake akimpigia simu anapokea, anaitikia vizuri, lakini jina la Kisian likitajwa simu inakuwa haina mtandao. Mabati yake nimeyaona kwa macho yangu nilipopita Kisian. Yameezekwa kwenye banda la kuku la Calvince.

Wazee walimwita Metrine wakamweleza kwa upole mwingi. Yeye ni wao. Nyumba ni yake, Debra ni damu yao, shamba alime. Huyo kijana tu ndiye atafute kwa baba yake. Waliona wamefanya haki kabisa, mmoja hata alimaliza kwa maombi. Metrine akawashukuru, akafunga nyumba, akarudi Obunga kwenye chumba cha kupanga, na Kisian hakukanyaga tena.

Nilikuwa na hasira mpaka nikashindwa kufundisha. Watu wangu, lugha yangu, majina yangu, na sikuwa na pa kuficha uso. Mimi ningekuwa yeye ningerudi kule na panga. Yeye alirudi na chaki. Nilimwambia aache hata hilo somo la kiti, aruke, hakuna atakayejua. Akasema mtaala haurukwi. Lakini muhula ule, kwa mara ya kwanza, hakukaa yeye kwanza. Alimwita mtoto.

Ndiyo siku hiyo Calvince alikuja.

Nyumba ya mjane ikikaa gizani watu wanasema, na Kisian walikuwa wameanza kusema. Mchungaji aliuliza. Ondiek akaona aibu, aibu ya majirani, si ile nyingine, akamtuma mwanawe amrudishe shemeji nyumbani. Nilisikia viatu vizuri vikikanyaga kokoto, kisha sauti kwenye mlango wa darasa la Metrine, tamu kama ya mtu anayeomba kura.

"Hujambo, Min Byron?"

Niliacha kuandika. Watoto wangu wakaniangalia. Nikawapa kazi ya kunakili nikatoka nje, nikasimama kwenye dirisha lao, sikujificha.

Metrine aligeuka kutoka ubaoni. Akasema, "Karibu. Tuko katikati ya somo. Kaa hapo."

Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kile. Calvince akacheka, akakitambua, akasema bado mnacho hiki, akakaa na suti yake. Watoto wakafurahi mno. Mikono ikainuka. Nakhungu, msichana mmoja asiye na meno ya mbele, ndiye aliyechaguliwa kuanza.

Who are you? Calvince akajibu sentensi nzima, kwa madaha, mimi ni Calvince Ondiek. Makofi. Whose child are you? Mimi ni mtoto wa Mzee Ondiek. Makofi. Which is your home? Kwetu ni Kisian. Makofi, na Calvince anainama kidogo akiyapokea.

Kisha Metrine akanyoosha mkono wake, kama mwanafunzi. "Who carried the axe?"

Tabasamu likabaki mdomoni mwa Calvince, likakosa kazi. "Mama, nimekuja kwa mambo ya nyumbani," akasema kwa Kiswahili.

"Hilo ni la nyumbani."

Akaangalia mlango. Akaniona mimi dirishani. Watoto walikuwa wanangoja, wamekaa ukingoni mwa madawati, hawajui ni shoka gani lakini swali wamelielewa, ni rahisi. Ndipo akasema, chini chini, "Byron."

Darasa zima likamrukia. Full sentence. Full sentence.

Akafuta jasho shingoni. Na kwa sababu alifundishwa vizuri, akasema kwa Kiingereza chake kinachoteleza, "Byron carried the axe."

Watoto wakapiga makofi kwa nguvu kabisa. Walipiga kama wanavyompigia yeyote aliyepata. Hakuna hata mmoja wao aliyemjua Byron. Maneno yaleyale Metrine aliyoyaomba mbele ya kaburi, yaliyokuwa yanatosha kumjengea mtoto nyumba, yalikuwa yametoka sasa, Obunga, mbele ya watoto wa gredi ya nne, na Byron yuko Usenge na moto wake wa kuchomelea.

Calvince akainuka, akamsogelea Metrine. Nilimsikia. "Hiyo siwezi kuisema kule, Mama. Unajua."

"Najua," Metrine akasema. Akageukia darasa. "Next."

Mtoto mwingine akaja mbio akakaa. Calvince alikuwa bado amesimama pale, ufunguo wa gari mkononi, na wao walishaanza kumuuliza huyo mtoto yeye ni wa nani.